Moto Juu, Moto Chini, na Jirani Pembeni

Bibi yangu wa Msambweni alikuwa na sufuria moja nyeusi tititi isiyopikiwa wali wala mchuzi. Ilikuwa ya mkate tu. Akishamimina mchele uliosagwa kwa tui zito na ukaumuka, aliifunika kwa bati la mviringo, akapalia makaa chini, akapalia na mengine juu ya bati, kisha akaketi kando na koleo mkononi. Hakutazama saa. Harufu ya iliki ikigeuka kidogo, aliondoa makaa mawili ya juu. Mkate ukinyamaza, alijua chini pameshika. Na siku ambazo jiko lilikuwa limezimika, mimi ndiye niliyetumwa nyumba ya pili na kifuu mkononi: nenda kapalie moto kwa mwenzangu. Hakuna aliyemnyima mwenziwe kaa la moto. Jirani alichagua kubwa, akaliweka kwenye kifuu, akanihimiza nitembee upesi lisije likafa njiani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimepanga Ukunda, nilinunua oveni ndogo ya kuweka mezani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kile kimlango cha kioo na kuchungulia ndani. Koili mbili juu, koili mbili chini. Ilikuwa sufuria ya bibi, ila makaa yamekuwa waya. Waya wenyewe una historia yake: mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, madini yanayoweza kuwaka mekundu mara maelfu yasikatike wala kuliwa na hewa. Waya wa ndani ya toasta, pasi, hita za maji na oveni hizi kwa kawaida umetokana na ugunduzi huo. Lakini kazi inayofanyika ndani, moto juu na moto chini, wanawake wa pwani hii waliijua kabla ya umeme kuvuka Likoni.

Nakuandikia, ndugu msomaji wa Kwale, kwa sababu oveni hizi zimekuwa nyingi. Ziko madukani Diani, ziko kwa wauzaji wa vyombo vya mtumba vinavyoshuka Mombasa, na sasa nazikuta mpaka Gazi na Lunga Lunga. Kila wiki mtu huniuliza: ninunue au niache? Jibu langu ni nunua, ukiweza. Ila nakuomba mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Angalia kwanza kilichomo ndani ya ukuta wako, na usiifanye siri kwa jirani. Nitaeleza kwa nini, na nianze na mazuri, kwa sababu ni mengi na ni ya kweli.

Oveni kubwa ya kusimama ina tumbo la lita 50 au 60 la kupasha moto hata kama unaoka sahani moja ya biskuti. Hii ndogo, ya lita 10 au 20, iko tayari ndani ya dakika tano hadi kumi. Mahamri ya jana ukiyatia kwenye maikrowevu yanatoka laini kwa dakika moja, kisha yanakauka na kuvutika kama raba. Kwenye oveni ndogo, dakika nne kwa digrii 160, ngozi inarudi kama yalivyotoka kwenye karai, na mbaazi zako zinapata mwenzao wa haki. Changu mmoja wa kadiri, aliyechanjwa na kupakwa ndimu, tangawizi, thumu na pilipili, anaiva kwa dakika 20 hadi 25 bila mafuta kuruka wala nyumba kujaa moshi. Viazi vitamu vinatoka na asali yake nje. Korosho zilizokwisha kubanguliwa, na sisi Kwale ni watu wa korosho, zinapata rangi ya dhahabu kwa dakika kumi na kitu kwa moto wa digrii 150, mradi uzigeuze katikati.

Nitoe onyo moja hapo hapo, kwa sababu nimeona mtu akitaka kujaribu. Korosho yenye ganda isiingie kamwe kwenye oveni ya nyumbani. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Ndiyo maana wazee wetu walizichoma uani, upande wa upepo, kwenye debe. Hapo bibi alikuwa na haki, na mashine haijabadilisha kitu.

Zuri jingine halisemwi sana: kile kitufe cha muda. Ukikizungusha dakika 20, zikiisha kengele inalia na moto unakatika wenyewe. Shangazi yangu mkono mmoja umelegea tangu augue. Hawezi kuinua karai la mafuta wala kupuliza jiko la mkaa. Oveni ndogo iko usawa wa kifua chake, haihitaji kuinama, na ikisahaulika inajizima. Amerudi kupika. Mtu aliyezoea kuwalisha wengine, akae miaka miwili akiletewa sahani, kisha siku moja akuwekee mezani kuku aliyemwoka mwenyewe, hiyo ni afya pia.

Sasa upande wa pili. Oveni ndogo haipiki ugali, haipiki wali, haisukumi chapati wala haikaangi mahamri mabichi. Kwa hiyo haiji kuchukua nafasi ya gesi au jiko lako; inakuja kukaa pembeni. Nafasi yenyewe inataka, tena meza imara, na vyumba vyetu vingi vya kupanga jiko, kitanda na sabufa vinaonana uso kwa uso. Tumbo lake dogo linadanganya: sinia lako la mkate lililorithiwa pengine halitaingia. Kabla ya kwenda dukani pima sinia au sufuria yako kwa kamba, uende na ile kamba. Keki za vikombe utapata sita au kumi na mbili kwa mkupuo, na mwenye oda ya mia moja atakesha. Na samaki wa kupaka, kusema ukweli, anatoka mzuri lakini bila ile harufu ya mkaa. Wapo watakaosema huyo si wa kupaka. Siwapingi.

Halafu kuna stima yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Plot ninayokaa ina vyumba sita na mita moja ya tokeni. Kila mwezi kila chumba kilitoa shilingi 200, jumla 1,200, mmoja wetu akanunua tokeni, mambo yakaenda. Shaaban moja nikaanza kuoka biskuti na keki za kuuza, maana Ramadhani na Idi zilikuwa njiani na oda zilianza kuingia. Niliona ni baraka. Wiki ya pili tokeni zikakata usiku, siku kumi kabla ya mwezi kwisha. Tukachanga tena. Zikakata tena. Mama wa chumba cha tatu, ambaye ana taa moja na simu moja, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti iliyoniumiza kuliko kelele: "Dadangu, hizi keki zako tunazilipia sisi?"

Nilichukua kalamu usiku ule ule. Oveni yangu ni ya wati 1,500. Ikiwaka mfululizo kwa dakika 40, inakula uniti moja kamili. Kwa kawaida haiwaki mfululizo, kwa kuwa themostati huikata na kuirudisha, kwa hiyo keki moja nikaipa uniti sifuri nukta nane. Nilikuwa naoka mikupuo kumi kwa wiki, yaani uniti nane, na kwa mwezi uniti 32. Uniti moja, ukijumlisha gharama za mafuta, kodi na makato mengine, mwananchi wa kawaida huilipa kati ya shilingi 20 na 30. Ukiipa 25, zile 1,200 za plot nzima zilinunua uniti 48 tu. Mimi peke yangu, kwa 200 zangu, nilikuwa nakula theluthi mbili ya stima ya vyumba sita. Jirani yangu alikuwa sahihi. Walikuwa wananilipia.

Na kuna jambo ambalo hata yeye hakulijua. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani, ile iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge, ni ya mita isiyopita uniti 30 kwa mwezi. Zamani kiwango kilikuwa 100. Mita inahesabiwa kama nyumba moja. Chumba chenye taa, simu na redio, kikiwa na mita yake, kingebaki chini ya 30 na kulipa bei ya mnyonge. Vyumba sita juu ya mita moja vinahesabiwa kama tajiri mmoja. Ukiongeza oveni, unamsukuma kila mtu ngazi ya juu, pamoja na yule ambaye hajawahi kula keki yako. Hata mwenye mita yake mwenyewe aliangalie hili: ukiwa unatumia uniti 28, kuoka mara mbili kwa wiki kunakuvusha mpaka, na bei inapanda kwa uniti zote, si zile za oveni peke yake.

Tulikaa barazani Ijumaa baada ya Isha. Sitasema ilikuwa rahisi. Lakini watu wa Kwale tuna desturi ya kuzungumza mpaka maji yatulie. Nilitoa hesabu yangu ilivyo, nikarudisha pesa nilizoona si haki yangu. Tukakubaliana ninunue mita ndogo ya kusomea matumizi ya soketi ya oveni, iwekwe mahali ambapo kila mtu anaiona. Mwenye kuoka anasoma namba kabla, anasoma namba baada, anaandika kwenye daftari lililofungwa kwa uzi msumarini, analipa zake. Kisha mama wa chumba cha tatu, yeye yule, akauliza: kwani sisi hatuwezi kuoka humo? Hapo mkutano ukawa mkutano mwingine. Tangu siku hiyo oveni ina zamu. Nilipoiona inapelekwa chumba hadi chumba Ramadhani ile, nilijiona nimebeba kifuu.

Kabla ya zamu kuanza, lakini, yalitokea yaliyonifanya niandike wito huu wote. Siku moja asubuhi niliwasha oveni kwenye ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo hiyo kulikuwa na birika la umeme. Baada ya dakika kama ishirini nikasikia harufu, si ya keki. Ilikuwa tamu na kali, kama mswaki wa plastiki uliotupwa motoni. Nilipochomoa plagi, uso wake ulikuwa umegeuka kahawia kuzunguka pini moja, na tundu la ekstensheni limelainika hata kidole changu kikaacha alama. Hakuna kengele iliyolia. Breka haikukatika. Watoto wawili walikuwa wamelala upande wa pili wa ukuta ule.

Hesabu yake ni fupi. Oveni ya wati 1,500 kwa volti 240 inavuta amperi 6 na robo. Birika la wati 2,000 linavuta amperi 8 na theluthi. Jumla ni zaidi ya 14, na plagi zetu za pini tatu, fyuzi yake ya juu kabisa ni ya 13. Hapo bado sijahesabu kwamba ekstensheni za bei ya chini huwa na waya mwembamba na mabati ya ndani yaliyolegea. Penye kulegea ndipo penye joto.

Tulimwita fundi. Alifungua soketi ya chumbani kwangu, akavuta waya nje, akanionyesha kwa bisibisi. "Huu ni wa taa," alisema. Waya wa soketi unatakiwa uwe wa milimita za mraba 2.5, aliyejenga alipitisha wa 1.5, ule wa balbu, kwa sababu ni rahisi. Waya wa ardhini, ule wa kijani na njano ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi, haujafungwa popote. Yaani kama koili ingegusa bodi ya oveni, bodi yote ingekuwa na stima, ikimngoja mtu mwenye mikono mibichi. Simtaji mwenye nyumba, na alipoonyeshwa hesabu ya marekebisho alilipa. Ninachosema ni kwamba chumba kile kilikuwa na rangi mpya na vigae vinavyong'aa, na ukuta ulikuwa mzuri kwa nje tu.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, uchunguzi wa soketi utangulie. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Oveni ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake, si kwenye ekstensheni, na si pamoja na birika, pasi wala ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Baada ya dakika kumi gusa plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikichoma kidole, zima na ita fundi. Na kama taa za mtaa mzima zinafifia na kurudi, au waya wa nje umelala juu ya mti, hiyo si kazi ya fundi wa mtaani: piga 97771, namba ya Kenya Power, na jirani yako apige pia.

Kufifia huko kuna madhara mengine ambayo waokaji hujilaumu nayo bure. Wengi huniambia keki yao ya jioni haiumuki, ya mchana inaumuka, na unga ni ule ule. Sababu ni kwamba wakati wa Magharibi kila nyumba inawasha, na kwenye laini dhaifu volti zinashuka. Joto la koili halishuki kidogo kidogo pamoja nazo, linashuka zaidi. Volti zikitoka 240 zikafika 200, ile oveni ya wati 1,500 inabaki na kama 1,040, yaani asilimia 69 ya nguvu yake. Kitufe kinasema digrii 180, ndani hazipo. Si mkono wako dada, wala si hamira. Oka saa nne asubuhi au baada ya watu kulala. Na kwa ndugu zetu wa Kinango na bara ya Kwale wanaotegemea sola ya taa na simu, msidanganywe na muuzaji: betri ya volti 12 ya amperi-saa 100 ikijaa pomoni ina kama wati-saa 1,200, na oveni hii itaimaliza kabla ya saa moja kutimia, na kuiua mapema.

Bahari nayo ina haki yake. Sisi wa Tiwi, Diani, Gazi na Shimoni tunaishi ndani ya chumvi. Pini za plagi zinaota kutu ya kijani, skrubu za mgongoni zinaliwa, sisimizi wanafuata makombo na mende wanafuata joto. Oveni isiyotumika miezi mitatu hapa kwetu inaharibika kuliko inayotumika kila wiki, kwa sababu moto wake wenyewe hufukuza unyevu. Ikishapoa ifunike kwa kitambaa. Sinia la makombo la chini limwagwe kila baada ya kuoka, na lisifunikwe kwa karatasi ya fedha, maana karatasi hiyo hurudisha joto kwenye koili. Mafuta ya kuku yanayodondokea koili ndiyo chanzo cha miali mingi. Ikitokea ndani kumewaka, usifungue mlango na usimwage maji: zima ukutani, chomoa, acha moto ukose hewa ufe wenyewe. Na chini ya makuti, hapana. Paa la makuti ni fahari yetu, lakini sote tunajua likishika linavyokwenda kwa upepo wa kusi. Iwekwe chini ya bati au zege, mbali na pazia, na nyuma yake ubaki upana wa kiganja.

Mtu ataniuliza: kwa taabu zote hizi, si afadhali mkaa? Ninaupenda mkaa, nimekulia moshini mwake, ila nimeona pia macho ya bibi yalivyokuwa mekundu na kifua chake kilivyokuwa kikilia usiku. Na nimeona msitu. Pale Gazi na Makongeni wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, wakilipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi; pesa zimekwenda kwenye maji na shule, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hawakuishia kuwakataza watu kukata. Walipanda mivinje, ili mama anayehitaji kuni apate mahali pa kuzitoa. Hilo ndilo somo ninalolipenda: usimnyang'anye mtu moto bila kumpa moto mwingine. Stima yetu ya Kenya sehemu yake kubwa inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Keki iliyookwa kwa stima ni makaa ambayo hayakununuliwa. Ni kidogo, lakini vyumba ni vingi.

Sasa naomba, na naomba kwa majina ya kazi zenu.

Wenye nyumba za kupanga, kuanzia Kona ya Musa mpaka Msambweni mjini: badala ya kubandika karatasi ya "hairuhusiwi kupika na stima", ambayo haimzuii mtu ila inamfundisha kuficha, tengeni soketi moja nzuri kwa kila plot. Waya wa 2.5, athi iliyofungwa, breka yake yenyewe, na mita ndogo. Anayeficha ndiye anayetumia ekstensheni chini ya kitanda. Na pale inapowezekana, muombeeni kila mpangaji mita yake.

Wenye maduka: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, maelezo ya kutosha, na ulinzi wa afya na usalama wake. Mwambieni mteja wati ngapi, lita ngapi, na dhamana ni ya muda gani kwa maandishi. Mkiuza ya mtumba, iwasheni mbele yake dakika kumi. Nawe mnunuzi, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango, kwenye boksi, itazame plagi kama ina pini tatu za kweli, na usiondoke bila risiti.

Vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo viko mikononi mwetu wenyewe tangu ugatuzi: fundisheni vijana kutengeneza oveni hizi. Kinachoharibika mara nyingi ni koili, kitufe cha muda au themostati, vitu vitatu vinavyobadilishwa kwa bisibisi na mita ya kupimia. Leo oveni yenye koili moja iliyokatika inatupwa nyuma ya nyumba, inanyeshewa, inaishia ufukweni au kwenye mikoko. Kijana mmoja Lunga Lunga anayejua kazi hiyo angekula na kuvaa.

Na vyama vyetu vya akina mama, ninyi ndio ninaowategemea zaidi. Wazee wetu walilima kwa mweria, leo kwako kesho kwangu. Chama cha watu kumi hakihitaji oveni kumi. Kinahitaji moja nzuri ya lita 40 au zaidi, kwenye nyumba yenye waya wa haki, daftari, na mtu mmoja anayejua kuisafisha. Anayeoka za biashara alipe uniti zake na aongeze kidogo ya matengenezo. Anayeoka za watoto wake alipe uniti tu. Na mgonjwa, mjane au mwenye msiba asilipe kitu. Kanuni hiyo ya mwisho iandikeni kwanza, kabla ya zile za pesa.

Wiki hii, hata kama huna oveni wala huna mpango wa kuinunua, chomoa plagi iliyo karibu nawe na uitazame pini zake kwenye mwanga. Ukiona kahawia au kijani, mwite fundi, na mwambie jirani naye atazame zake. Kwetu Ukunda soketi ya oveni imefungwa waya wa 2.5, daftari liko msumarini, na zamu ya Jumamosi hii ni ya chumba cha tatu.